Shuhuda za wazee wa Rongelap (Bravo, 1954): nitazipangaje bila kuziharibu?

NahodhaWaKaratasi

Wakuu, salamu kwenu nyote.

Kuna vipindi sita vya redio vinaandaliwa kwa Kiswahili kuhusu watu wa Rongelap, Visiwa vya Marshall, walioangukiwa na majivu ya Bravo, bomu la nyuklia lililojaribiwa na Marekani, tarehe 1 Machi 1954. Malighafi ni shuhuda za mdomo: rekodi za wazee kwa Kimarshall pamoja na tafsiri zake za Kiingereza, na pembeni kuna nyaraka za Marekani zilizofunguliwa miaka ya 1990. Nimekwama sehemu nne.

Muda: mzee mmoja anasema jua lilichomoza magharibi, mwingine anasema kulikuwa bado giza, na nyaraka moja imeandika 28 Februari. Maneno: tafsiri inasema "theluji", na watu wenyewe hawakuwahi kuiona theluji. Hesabu: huku nakuta watu 64, huku 82, kwingine 86. La nne ndilo zito. Mzee anaposema "walituacha makusudi", je, niliweke hewani kama lilivyo, au nilitangulize na maelezo?

Naomba wenye kuijua kazi hii waniambie hatua kwa hatua. Nia ni msikilizaji awasikie wazee wale kwa sauti yao, tena asipotoshwe.

Mpimaji_Saa

Ndugu Nahodha, anza na saa. Ni sehemu rahisi, na ndiyo inayowafanya wazee waonekane wamesahau kumbe hawajasahau kitu.

Bomu lililipuliwa kwenye atoli (mduara wa visiwa vya matumbawe) ya Bikini saa 12:45 asubuhi kwa saa za huko. Nyaraka za jeshi zinaandika 06:45. Mtafsiri akiisoma haraka ataandika "saa sita na dakika arobaini na tano", na ushuhuda wote utahamia adhuhuri. Kosa hili hutokea sana kwenye tafsiri za Kiswahili, kwa hiyo kila saa igeuzwe na mtu mmoja kisha ihakikiwe na mwingine. Ile 28 Februari nayo si kosa la mtu. Visiwa vile viko saa 12 mbele ya Greenwich, basi kwa Greenwich ilikuwa saa 12:45 jioni ya tarehe 28. Tumia tarehe ya kisiwani peke yake, yaani Jumatatu tarehe 1 Machi, na ile nyingine uifafanue mara moja tu kwenye maandishi yako ya kazi.

Sasa giza na jua. Kijiji cha Rongelap kiko mashariki ya mahali pa mlipuko kwa takriban maili za bahari 100, yaani kilomita 185 hivi. Ukipiga hesabu ya jua kwa tarehe ile na mahali pale, jua lenyewe lilikuwa bado dakika ishirini na kitu lichomoze. Basi wazee wote wawili wamesema kweli. Upande wa mashariki kulikuwa bado na kiza cha alfajiri, na mwanga mkubwa ukatokea upande wa magharibi, mahali ambapo jua huzama. Anayesema jua lilichomoza magharibi ametaja dira na saa kwa pumzi moja, tena kwa usahihi kuliko ripoti kadhaa.

Kipimo cha pili ni sauti. Sauti husafiri mita 340 hivi kwa sekunde. Kilomita 185 ni kama dakika 9. Mzee akisema "mwanga ulikuja, tukatoka nje, tukaitana, ndipo ngurumo ikafika na nyumba zikatikisika", nafasi hiyo ya kutoka na kuitana ipo kweli. Akisema mwanga na kishindo vilikuja pamoja, usimsahihishe. Andika pembeni kwamba hapa kumbukumbu imekunja dakika tisa.

Kipimo cha tatu ni majivu. Yalianza kuanguka saa nne hadi sita baada ya mlipuko, kwa hiyo kati ya saa tano kasorobo na saa saba kasorobo mchana. Waulize watu walikuwa wakifanya nini. Kupika, kuvua na kukausha mbata ni kazi zenye saa zake, na zinasaidia kuliko swali "ilikuwa saa ngapi?" kwa mtu ambaye hakuwa na saa.

Kipimo cha nne ni mwili. Kichefuchefu na kuwashwa ngozi vilianza ndani ya siku mbili za kwanza. Vidonda vya ngozi na kunyonyoka nywele vilikuja baada ya wiki mbili hivi, watu wakiwa tayari Kwajalein, kwenye kambi ya jeshi. Ushuhuda unaosema nywele zilinyonyoka siku ileile umeunganisha matukio mawili. Kiini chake ni kweli ila mahali na siku vimehama. Nywele zenyewe zilinyonyoka.

Ukishapata hivyo vinne, chora jedwali lenye safu hizi: sekunde za rekodi, maneno ya Kimarshall kama yalivyotamkwa, Kiswahili chake, mahali msemaji alipokuwa amesimama, na aina ya kauli. Safu ya mwisho ndiyo itakayokuokoa kwenye swali lako la nne. Kauli ziko za aina tatu: *niliona*, *niliambiwa*, *nimehitimisha*. Kwenye mahali, usitosheke na jina la kisiwa. Wamarshall hugawa ardhi kwa vipande vinavyokatiza kisiwa kutoka ufukwe wa ndani hadi ufukwe wa bahari kuu. Kila kipande huitwa *wāto* na kina jina lake. Mtu akikutajia wāto, unajua kama aliutazama upande wa Bikini au aliupa mgongo.

Turudi kwa "walituacha makusudi". Hilo ni *nimehitimisha*. Kabla ya kulitangulizia maelezo, muulize mzee amelihitimisha kutokana na nini, nawe utasikia hoja. Mwaka 1946, kabla ya majaribio ya kwanza ya Bikini, watu wa Rongelap walihamishwa kwa muda hadi atoli ya Lae. Mabomu yale mawili ya 1946 yalikuwa ya kilotani ishirini na kitu kila moja (kilotani ni nguvu ya tani elfu moja za baruti ya TNT, na megatani ni kilotani elfu). Mwaka 1954 likaja la megatani 15, zaidi ya mara 600, na hakuna aliyehamishwa. Marekani ilisema bomu lilizidi makadirio (walitarajia kama megatani 6, lakini lithiamu-7, aina ya metali iliyokuwa ndani ya bomu na iliyodhaniwa imelala, ikashiriki kwenye mlipuko) na kwamba upepo uligeuka. Lakini taarifa za hali ya hewa za usiku ule, kabla ya kulipua, zilionyesha upepo umeanza kuharibika. Mpe msikilizaji hayo yote: maneno ya mzee kwanza, kisha Lae, kisha lithiamu, kisha taarifa ya upepo. Ukianza na maelezo ya jeshi ndipo umlete mzee, umeshamhukumu kabla hajafungua kinywa.

Sufuri_na_Mia

Kuhusu hesabu, kwa ufupi. Watu 64 walikuwa Rongelap yenyewe. Wengine 18 wa Rongelap walikuwa atoli ya jirani, Ailinginae. Jumla 82. Ukiongeza mimba nne unapata 86. Kwa hiyo namba zote tatu ni sahihi, mradi useme unamhesabu nani.

Na kuna tofauti nyingine isiyofaa kupotea. Rongerik, atoli nyingine ya jirani, kulikuwa na Wamarekani 28, wengi wao wa kituo cha hali ya hewa. Hao waliondolewa tarehe 2 Machi. Watu wa Rongelap waliondolewa tarehe 3, baada ya saa hamsini hivi. Tarehe 2 jioni walifika watu wawili wenye vipimo vya mionzi, wakakaa kama dakika ishirini, wakaambia watu wasinywe maji, wakaondoka. Wazee wanaitaja ziara hiyo mara kwa mara, na nyaraka zinaikubali. Usiiache nje.

BintiKipumbwi

Kaka Nahodha, mimi nashika maneno.

Theluji. Kwenye Kiswahili kisikilizwacho pwani na bara neno hili linampeleka mtu Kilimanjaro, kwenye baridi na uzuri. Mtoto wa Rongelap aliona nini? Aliona kitu cheupe, kikavu, kinachoanguka polepole, kinachonata kwenye nywele zilizopakwa mafuta ya nazi na kwenye ngozi yenye jasho, kikafunika ardhi, mapaa na matangi ya maji ya mvua. Watoto walikichezea. Neno la Kiswahili ni *unga*. Kama msemaji mwenyewe ametamka theluji, iache, maana habari za theluji zilifika huko kwa wamisionari na vitabu. Kama imeongezwa na mtafsiri wa Kiingereza, iondoe. Ndiyo sababu Mpimaji anasisitiza safu ya Kimarshall: bila hiyo huwezi kujua neno ni la nani.

Ukiulizwa ni unga wa nini, jibu lipo, na watu wa mwambao wataliona upesi kuliko mtu yeyote. Bravo ilichimba shimo la karibu kilomita 2 kwenye matumbawe. Sisi tunajua matumbawe yakichomwa kwenye tanuu yanakuwa chokaa. Kule yalichomwa yote kwa mpigo, yakapaa, yakarudi chini yakiwa chokaa iliyobeba mabaki ya mlipuko. Kwa hiyo unga ule ulikuwa chokaa hasa, si mfano tu.

Vyakula vina majina kwetu, visipotezwe. Wazee wanaposimulia chakula kilichobadilika baada ya kurudi nyumbani mwaka 1957, wanataja sana mmea ambao Waingereza huuita arrowroot. Kimarshall ni *makmok*, na huo ni *uwanga*, mmea unaomea wenyewe hata kwenye mchanga wa pwani yetu. Walisema uwanga ulianza kuwachoma midomo na kuwatoa malengelenge. Tunda la *bōb* ni la mkadi. *Mā* ni shelisheli. Kaa mkubwa anayekwea minazi mweleze hivyohivyo, usimwite kaa tu, kwa sababu yeye ndiye aliyepigwa marufuku kuliwa kwa ajili ya kukusanya mabaki ya mionzi mwilini. Msikilizaji wa Pemba au Mafia akisikia uwanga, mkadi na shelisheli, kile kisiwa hakitakuwa mbali tena.

Neno la mwisho ni *baijin*. Wamarshall walilichukua kutoka Kiingereza, maana yake sumu, na wanalitumia kwa mionzi. Usiandike "mnururisho" kinywani mwa mzee aliyesema sumu. Andika *sumu*. Maelezo ya mionzi yawe ya mtangazaji, kwa sauti ya mtangazaji.

Sufuri_na_Mia

Da Binti, nakubali mengi, ila chokaa naomba iwekewe mpaka. Ukimwambia msikilizaji wa pwani kwamba ni chokaa, atadhani vidonda vya watu wale vilitokana na ukali wa chokaa mbichi, kama inavyomchoma fundi mikononi. Sivyo. Vidonda vilitokea baada ya wiki mbili, na vilikuwa pale unga uliponata: kichwani, shingoni, kwenye mikunjo ya viwiko na juu ya nyayo za watu waliotembea pekupeku. Hiyo ni kazi ya mionzi ya beta iliyokaa juu ya ngozi. Chokaa peke yake ingechoma siku hiyohiyo.

BintiKipumbwi

Sahihi kabisa, na sentensi hiyo iingie kwenye kipindi papo hapo panapotajwa chokaa, isingoje kipindi kijacho. Asante.

Mkaa_Jangwani

Wakuu, mazungumzo yenu ni ya Pasifiki, lakini mbinu ya kuishika tarehe inafaa kuangaliwa na kwetu Afrika, maana Ufaransa ililipua mabomu 17 ya nyuklia Algeria: manne hewani huko Hamoudia karibu na Reggane, kuanzia 13 Februari 1960, na 13 ndani ya mlima Tan Afella, In Ekker, hadi 1966.

Kule wazee wengi, hasa wafugaji wa kuhamahama, hawatakupa tarehe ya kizungu. Watakupa mwezi wa Kiislamu na sikukuu. Basi andaa kalenda kabla hujaondoka. Bomu la kwanza lililipuliwa katikati ya Shaaban 1379, wiki mbili kabla ya mfungo. La pili, 1 Aprili 1960, siku chache baada ya Idi ya mfungo mosi. La nne, 25 Aprili 1961, kama mwezi mmoja kabla ya Idi ya kuchinja. Na ajali ya In Ekker ya 1 Mei 1962, ile ambayo wingu lilitoka kwenye mlango wa handaki na mawaziri wa Ufaransa Messmer na Palewski wakiwapo, ilikuwa kama wiki mbili kabla ya Idi ya kuchinja. Acha nafasi ya siku moja huku na huku kwa ajili ya mwandamo. Ukimuuliza mama wa Reggane "ilikuwa kabla ya mfungo au baada ya Idi?", umetenganisha bomu la kwanza na la pili kwa swali moja.

Kwa nini tarehe iwe nzito hivyo? Kwa sababu ya sheria ya Ufaransa ya fidia ya Januari 2010. Kwa upande wa Sahara inamtaka mwombaji aonyeshe kwamba alikuwa ndani ya eneo lililotajwa katika kipindi kilichowekwa kwa eneo hilo, kati ya 13 Februari 1960 na 31 Desemba 1967, na kwamba ana ugonjwa ulio kwenye orodha. Mfugaji hana karatasi ya makazi. Waliolipwa kutoka Algeria ni wachache mno. Ushuhuda wa mdomo hauwezi kuwa cheti, ila ukiwa na mahali, msimu, majina ya visima na ya watu waliokuwa pamoja, unampa wakili pa kuanzia. Ushuhuda unaosema "tuliteseka sana" tu haumpi kitu, hata kama ni kweli tupu.

Kosa la kawaida kule: mhojaji anauliza habari za siku ya mlipuko peke yake. Watu wengi waliguswa baadaye, kwa kuokota nyaya za shaba na vyuma vilivyoachwa na jeshi na kuvipeleka majumbani. Usipouliza "baada ya Wafaransa kuondoka, vitu vyao vilikwenda wapi?", hutasikia hilo kabisa.

NahodhaWaKaratasi

Nawashukuru sana. Nimeshaanza kugeuza saa na kufuta theluji.

Limebaki jambo ambalo sikulisema mwanzo kwa sababu ni gumu. Akina mama wa Rongelap wanasimulia uzazi: watoto waliozaliwa bila umbo, wanaowafananisha na viumbe vya baharini. Tafsiri inasema "jellyfish". Taarifa za madaktari zinasema machache. Nifanyeje, nitaje, na kwa neno gani?

Somo_Mwanaidi

Mwanangu Nahodha, litaje. Wenyewe wamelitaja mbele ya mahakama ya juu kabisa ya mataifa. Lijon Eknilang wa Rongelap aliieleza Mahakama ya Kimataifa ya Haki huko The Hague, Novemba 1995, kwamba wanawake walilazimika kusema pweza, kasa, matofaa na vitu vingine wanavyovijua, kwa sababu lugha yao haikuwa na maneno ya watoto wa namna ile. Hawakuwahi kuzaliwa kabla. Kwa hiyo mfano huo usiuchukulie kama pambo la maneno: mtu hakuwa na neno, akatumia cha karibu.

Kwa jellyfish tumia *yavuyavu*. Sehemu nyingine za pwani wanasema konyeza, lakini neno hilo linamkumbusha mtu kuwashwa, na mama yule hasemi kuwashwa. Anasema mwili laini, unaopenya mwanga, usio na mifupa. Lakini jihadhari sana na jambo moja. Kuna ushuhuda unaofananisha na kichala cha zabibu. Usiandike "mimba zabibu". Kwetu hilo ni jina la ugonjwa hospitalini, na ukiliandika umempa mama yule utambuzi wa daktari ambao hakuutoa yeye wala daktari wake. Andika "kama kichala cha zabibu", basi.

Kuhusu madaktari, ripoti zao zenyewe zilionyesha kwamba katika miaka minne ya mwanzo mimba zilizoharibika na watoto waliozaliwa wafu kwa wanawake waliopatwa na majivu zilikuwa takriban maradufu ya wasiopatwa. Idadi ya wanawake ilikuwa ndogo, na ripoti zikaliacha hapo. Usiseme madaktari walithibitisha, wala usiseme walikanusha. Sema walichohesabu na ambacho hawakukihesabu. Mama aliyejifungulia nyumbani na kuzika usiku haingii kwenye daftari la mtu yeyote.

Kwa upande wa shingo, mambo yako wazi zaidi. Iodini-131, mojawapo ya sumu za mionzi zilizokuwa kwenye unga ule, hupungua nusu kila siku 8, lakini siku zile za mwanzo watu walikunywa maji ya tangi yaliyoangukiwa na unga, na tezi ya shingo ya mtoto ni ndogo, hivyo dozi ilikuwa kubwa. Uvimbe wa kwanza wa tezi ulionekana mwaka 1963, miaka tisa baadaye. Ushuhuda unaosema "tuliambiwa tumepona, kisha watoto wakaanza kupasuliwa shingo" unaendana na mwaka huo. Muulize mama mtoto alizaliwa mwaka gani na alikuwa na umri gani alipopasuliwa, ujumlishe, utapata mwaka.

Sasa namna ya kuuliza, kama kuna mahojiano mapya yatafanyika. Mwanamke aulizwe na mwanamke, na mkalimani awe mwanamke asiye wa ukoo wa mume. Mkalimani mwanamume akiwapo, jibu litakuwa "nilikuwa mgonjwa", na litaishia hapo. Usianze na uzazi. Anza na kisiwa, chakula, safari, uzazi uje saa ya pili au siku ya pili, na uje kwa swali lililo wazi: "Baada ya kurudi 1957, mambo ya uzazi yalikuwaje kisiwani?" Ukiuliza "ulizaa yavuyavu?", jibu lolote utakalopata halina thamani, kwa sababu neno umelitoa wewe.

Na karatasi ya ridhaa. Kumbukeni watu hawa walichunguzwa na madaktari wa Marekani tangu Machi 1954, katika utafiti ulioitwa Mradi 4.1, bila kuombwa ridhaa. Walipimwa, wakatolewa damu, wakapigwa picha, wakarudishwa kisiwani 1957 na kufuatiliwa miaka na miaka. Mtu wa namna hiyo ukimletea kalamu na fomu kabla hujakaa, umefanana na waliokutangulia. Ridhaa iombwe mara mbili: kabla ya kurekodi, kwa mdomo, ndani ya rekodi yenyewe; na tena baada ya mzee kusikilizishwa alichosema, na hapo awe na haki ya kutoa kipande. Nakala ya kwanza ibaki kwa familia.

Mwana_Likasi

Jambo wote. Hapa Katanga tuko na wazee wa Shinkolobwe, kule sehemu kubwa ya urani iliyotumiwa na Wamarekani kwa mabomu ya kwanza ilitoka. Jedwali hili la Mpimaji linaweza kutumika kwao?

Mpimaji_Saa

Linaweza, ndugu, ila safu ya saa haitakusaidia. Shinkolobwe hakuna siku moja ya mwanga na kishindo. Kuna vumbi na gesi ya radoni, kidogo kidogo kwa miaka. Badala ya saa weka kazi: alichimba chini au alichambua madini kwa mikono juu, zamu ya saa ngapi, nguo za kazi zilifuliwa wapi na nani, maji ya kunywa yalitoka wapi. Hilo la nguo linakuletea wake na watoto ambao hawakuwahi kushuka mgodini. Kwa miaka, tumia vishikizo ambavyo kila mzee anavijua: mgodi ulipofunguliwa tena na Wamarekani wakati wa vita, na mashimo yalipozibwa karibu na uhuru wa 1960. Wachimbaji wadogo walioingia baadaye, hadi serikali ilipopiga marufuku 2004, wawe na faili lao, wasichanganywe na wafanyakazi wa Union Minière, kampuni ya Kibelgiji iliyomiliki mgodi. Hatari yao ilikuwa ya namna nyingine.

Kwa Rongelap pia, kama miaka inachanganyika, vishikizo ni safari za baharini, wala si mabomu. Mabomu yalikuwa 67, karibu yote katika atoli za Bikini na Enewetak, kati ya 1946 na 1958, na hakuna mtu anayeyahesabu kichwani. Lakini safari kila mtu anazijua: Lae 1946, Kwajalein na kisha Ejit huko Majuro 1954, kurudi nyumbani 1957, na kisiwa cha Mejatto 1985, walipoondoka wenyewe kwa Rainbow Warrior, meli ya shirika la Greenpeace. Uliza "ilikuwa kabla ya Ejit?", mzee atakujibu bila kusita.

Kinasa_Sauti

Naongeza ya mitambo, maana hayajaguswa.

Rekodi kwa faili la WAV, biti 24, kilohezi 48. Sauti ya maikrofoni moja inakula megabaiti 520 hivi kwa saa, basi kadi ya gigabaiti 32 inatosha kwa siku kadhaa. Usirekodi MP3 ukidhani utaokoa nafasi. Ukija kupunguza kelele za upepo, sauti ya mzee nayo itatoka na mikwaruzo. Upepo wa visiwani ndio adui mkubwa: kifuniko cha manyoya juu ya maikrofoni, mgongo wa msemaji uelekee upepo, na maikrofoni iwe shubiri moja kutoka kinywani. Jenereta na friji zizimwe kwa makubaliano na mwenye nyumba.

Sekunde thelathini za mwanzo zitamkwe tarehe, mahali, majina ya waliopo na lugha. Faili likipotea karatasi yake, sauti yenyewe itajieleza. Nakala tatu, moja iwe kisiwa kingine au mji mwingine kabisa, kwa sababu maji ya chumvi hayachagui kifaa.

Kuandika saa moja ya rekodi kwa lugha unayoijua ni kazi ya saa nne hadi sita. Kimarshall kwenda Kiswahili bila kupitia Kiingereza hutampata mtu kirahisi, kwa hiyo panga mzunguko huu: Mmarshall anaandika Kimarshall, mwingine anatafsiri kwenda Kiingereza neno kwa neno, hata kama Kiingereza kitakuwa kibovu, wewe unatoa Kiswahili kutoka kwenye hicho kibovu, wala si kwenye tafsiri iliyopambwa. Kisha chagua dakika tano kwenye kila saa, Kiswahili chake kirudishwe kwa Kimarshall na mtu wa tatu, mkilinganishe na sauti. Maneno yatakayoonekana yamehama ndiyo utakayorudi kuyatafuta kwenye faili zima.

Kwenye kipindi chenyewe, acha Kimarshall kisikike sekunde tano hadi nane kabla ya sauti ya Kiswahili kuingia, na kirudi tena mwishoni mwa kauli. Msomaji wa Kiswahili awe wa rika na jinsia ya msemaji. Bibi wa miaka themanini akisomwa na kijana mwenye sauti ya matangazo, kazi yote ya jedwali imekwenda bure.

NahodhaWaKaratasi

Nimepokea. Kipindi cha kwanza nakipanga hivi: kiza cha alfajiri, mwanga wa magharibi, kisha dakika tisa za watu kutoka na kuitana. Swali dogo la mwisho kwa Kinasa: zile dakika tisa nizieleze kwa maneno au nizionyeshe?

Kinasa_Sauti

Dakika tisa nzima redioni hazivumiliki. Weka mzee wa kwanza anayesimulia mwanga, umkate. Mlete wa pili aliyekuwa kwenye wāto mwingine, asimulie alivyotoka nje. Mlete wa tatu aliyekuwa akipika. Kila mmoja dakika moja hivi, bila muziki. Kishindo kije kwa neno la yule wa kwanza, pale ulipomkatiza. Usitumie sauti ya mlipuko ya kutengeneza. Majina ya vipande vya ardhi yatamkwe kama walivyoyatamka wao kwenye rekodi, na kabla hujakirusha, kipande hicho kipelekwe kwa watu wa Rongelap wakisikilize.